Tusione Haya Kumwuliza Mzee Habari ya Choo

Leo nataka tuongee juu ya kufunga choo. Najua mtacheka, lakini jambo hili huwatesa wazee wengi tunaowauguza nyumbani.

Tuseme nyanya alivunjika nyonga. Ametoka hospitali na sasa anajifunza kutembea tena. Siku ya tano hajaenda haja kubwa, na chakula hakitaki. Halafu anaanza kutokwa na majimaji kidogo kidogo nguoni. Jamaa wanasema, "Nyanya anaendesha," wanakimbia dukani kununua dawa ya kuzuia kuhara. Ngojeni kwanza! Huenda choo kigumu kimeziba njia, na hayo majimaji yanapita kando yake. Dawa hiyo itazidi kumfunga. Mpelekeni kituo cha afya apimwe.

Kwa nini anafunga choo? Analala sana. Maji hanywi, kwa kuogopa kuwasumbua watu wampeleke choo. Tena dawa za maumivu kama kodeini na mofini hufunga choo, hata vidonge vya kuongeza damu. Msimwachishe dawa wenyewe. Mwulizeni daktari kama atampa na dawa ya kulainisha choo.

Nyumbani fanyeni hivi:

1. Mpeni maji kidogo kidogo mchana kutwa. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, ulizeni kwanza kiasi chake.

2. Mpeni uji wa wimbi, maharagwe, sukuma wiki na papai.

3. Atembee kila siku vile alivyoelekezwa, hata kama ni hatua chache.

4. Baada ya chai ya asubuhi, mpelekeni choo, kwa sababu tumbo huamka mtu akishakula. Hawezi kuchutama, kwa hivyo wekeni kiti chenye tundu juu ya shimo, miguu ikanyage chini vizuri. Msimharakishe. Mwacheni na heshima yake, lakini mkae karibu.

5. Kila akienda choo, wekeni alama kwenye kalenda.

Msimpige bomba la maji ya sabuni. Linaweza kumuumiza ndani. Akitapika, tumbo likivimba na kuuma, akitoa damu, au akianza kuchanganyikiwa ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nawauliza: kikundi chetu kitashindwa kumlipa seremala atutengenezee kiti kimoja imara, tuwe tunaazimana? Leo ni nyanya wa jirani, kesho ni mimi na wewe.