Kundi la WhatsApp Lisilojulikana na Ofisi

Msikilizaji, tuanzie Scotland, kwenye mamlaka ya afya ya umma ya Lanarkshire. Aprili 2020, korona ikiwa imepamba moto, wafanyakazi walipunguza kwenda ofisini. Yale waliyozoea kuelezana uso kwa uso yakakosa pa kupitia, basi wakatumia kundi la WhatsApp. Walikuwa 26. Kwa miaka miwili waliandika humo taarifa za wagonjwa zaidi ya mara 500: majina, namba za simu, anwani. Picha na video nazo zikapita humo. Kisha mtu asiye mfanyakazi akaingizwa kundini kwa makosa.

Agosti 2023 ofisi ya Kamishna wa Taarifa wa Uingereza ilitoa karipio rasmi, na ninaomba uzingatie nani alikaripiwa. Ni mamlaka yenyewe. WhatsApp haikuwa imeidhinishwa kwa taarifa za wagonjwa, lakini wakubwa walikuwa wameruhusu ipakuliwe bila kuweka sera inayoeleweka wala kupima hatari zake. Kwa maoni yangu, lawama ilifika panapostahili.

Sasa tuje kwetu. Barua ya kuomba malipo imeingia masjala asubuhi, bosi yuko safarini Dodoma. Karani anatoa simu yake mwenyewe, anaipiga picha ukurasa kwa ukurasa, anamtumia. Bosi anajibu, "Sawa, endelea." Kazi imesogea, wala hakuna mwenye nia mbaya. Lakini hebu ifuatilie ile picha. Imo kwenye simu ya karani, ambayo jioni watoto wanaichezea nyumbani. Kama simu imewekwa ijihifadhie picha mtandaoni, nakala nyingine imekwenda kwenye akaunti yake binafsi. Imo pia kwenye simu ya bosi. Na lile neno "endelea", ambalo ndilo uamuzi wa ofisi, halimo kwenye jalada. Mwakani mkaguzi akiuliza nani aliidhinisha malipo yale, ushahidi utakuwa kwenye simu ambayo pengine imeshachomolewa mfukoni ndani ya daladala.

Hapo ndipo mtu wa TEHAMA anapopata shida. Seva anayoijua anaweza kuilinda. Akaunti ya ofisi ya aliyeacha kazi anaweza kuifunga siku hiyohiyo. Lakini orodha ya wateja iliyowekwa kwenye akaunti binafsi ya mtu wa masoko hana namna ya kuifikia, na mara nyingi hata hajui kama ipo. Tena katika ofisi zetu nyingi mtu huyu yuko peke yake, anahudumia jengo zima, anaitwa ghorofa ya tatu kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Taarifa zikivuja, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Jibu linalokuja haraka ni kupiga marufuku. Mei 2023 Samsung iliwazuia wafanyakazi kutumia ChatGPT na programu za aina hiyo kwenye vifaa na mitandao ya kampuni, baada ya kugundua kwamba msimbo wake nyeti umepakiwa humo. Kampuni yenye siri za kiwanda ina haki ya kufunga mlango kwanza. Ila marufuku yasiyoambatana na njia mbadala hufundisha watu kujificha, na anayejificha ndiye ambaye mtu wa TEHAMA hawezi kumsaidia.

Mtumishi anayekwepa mfumo ana sababu, na sababu hizo tunazijua: baruapepe ya ofisi haipokei faili kubwa, nywila ikisahaulika mtu anazungushwa siku nzima, ombi la programu limelala kwenye manunuzi tangu mwaka jana wa fedha. Tanzania ina Mamlaka ya Serikali Mtandao, nayo imejenga mfumo wa e-Ofisi ili majalada na maamuzi yapite humo. Nauunga mkono. Lakini mkurugenzi akiendelea kuidhinisha mambo kwa WhatsApp, hakuna karani atakayethubutu kumwambia, "Mheshimiwa, naomba uandike kwenye mfumo."

Sheria nayo haisubiri tujipange. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Wenzetu wa Kenya wana yao tangu 2019. Mama aliyekwenda kupimwa zahanati aliikabidhi zahanati siri yake. Hakukubali majibu yake yakae kwenye simu ya mtu, katikati ya picha za harusi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa taasisi: toeni mwezi mmoja ambao kila mtumishi ataeleza anatumia nini kufanyia kazi, bila kuandikiwa barua ya kujieleza. Kisha mkae na watu wenu wa TEHAMA, muidhinishe kilicho salama na mtafute mbadala wa kisicho salama, nanyi muwe wa kwanza kuutumia. Na wewe mfanyakazi, usingoje waraka. Fungua simu yako leo, nyaraka za ofisi na picha za wagonjwa au wateja ulizonazo zikabidhi kwenye jalada linalohusika, na mwenye mamlaka akishathibitisha kwamba amezipokea, zifute.