Nilirudi mikono mitupu



Miaka miwili nilikuwa mlei mmisionari kule Zambia, kambi ya wakimbizi ya Meheba, njia ya Solwezi. Katekisimu, kusoma na watoto, kuzika. Mshahara hapana, chakula tu na pesa ya sabuni.

Kurudi Kasulo, nakuta shimo ndani ya lupango yetu. Tangu 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu, nani hakuchimba? Mdogo wangu akatoka mule na vumbi: “Yaya, umetuletea nini?” Nilinyamaza.

Nyinyi mlinipa kiloba ya unga mbele sijalipa hata mchango wa kwanza. Wenzangu wawili wanarudi karibuni. Nao hawana kitu. Muwapokee vile vile, mchango watalipa nyuma.