Urithi wa Mtu Aliyekataa Kisasi



Bwana wetu alituamuru tuwapende adui zetu. Kanisani twaisadiki amri hiyo. Lakini mtu akituharibia nyumba, twaiona ngumu mno. Basi, tumtazame mtu mmoja aliyeishika siku ya taabu.

Martin Luther King alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti mjini Montgomery, Marekani. Desemba 1955 watu weusi wa mji ule waliacha kupanda mabasi, kwa kuwa sheria iliwatenga na weupe. Siku 381 walikwenda kwa miguu au kwa kusaidiana motokari. Januari 1956 nyumba ya King ilitupiwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwamo ndani, wakapona. Watu wakakusanyika kwa hasira, wengine wameshika silaha. King akasimama mbele yao, akawasihi warudi kwao wasilipe kisasi. Wakatii. Novemba mwaka ule mahakama kuu ya nchi ikaibatilisha sheria ile.

Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI alimpokea Vatikano. Tarehe 4 Aprili 1968 King aliuawa Memphis, alikokwenda kuwasaidia wazoa taka waliodai haki yao.

Tusidhani kwamba kukataa kisasi ni kuunyamazia ubaya. King aliukataa ubaya waziwazi, asimchukie mbaya. Huo ndio urithi wake.

Tujiulize: yuko jirani tunayemwekea kisasi? Tumwendee kabla ya Dominika, tumwambie kweli, tudai haki yetu, mikono yetu ikiwa mitupu.