Maua ya Nyumbani na Afya Yetu

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja afungue daftari lake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: asumini, chungu, kiluwiluwi, sumu. Tutayakuta yote katika somo la leo.

Leo twazungumza juu ya maua ya nyumbani. Watu wengi hudhani kuwa ua ni pambo tu, halina habari na afya. Wengine nao hulisifu kupita kiasi. Utasikia mtu akisema, "Weka ua chumbani, litasafisha hewa." Maneno hayo yana asili yake. Mwaka 1989 wataalamu wa NASA, shirika la Marekani la mambo ya anga, waliandika kwamba mimea iliyofungiwa ndani ya visanduku ilipunguza mvuke mbaya wa namna fulani. Lakini nyumba si kisanduku. Upepo upitao dirishani hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kuliko vyungu vingi vya maua. Kwa hiyo bibi anayepikia kuni ndani asinunue ua kwa ajili ya moshi. Afungue dirisha, au jiko alitoe nje.

Wengine husema ati ua likilala chumbani humwibia mtu hewa usiku. Hofu hiyo iacheni. Mtu mmoja aliyelala hutumia hewa nyingi sana kuliko ua moja katika chungu. Ila mwenye ugonjwa wa pumu ajihadhari na maua ya harufu kali, maana harufu yaweza kumbana kifua.

Basi faida yake ni nini? Faida kubwa ni ya moyo. Mwaka 1984 mtaalamu Roger Ulrich wa Marekani alieleza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao waliona miti kutoka dirishani, na nusu waliona ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Wagonjwa hao walikuwa wachache, na tena walitazama miti, si maua. Lakini nadhani mama zetu wa pwani hawakungoja kuambiwa. Huko Lamu, Mombasa, Unguja na Pemba, asumini huchumwa jioni yakiwa bado vifumba, yakatungwa kwa uzi, au yakatiwa katika kikuba pamoja na mrehani na kilua. Usiku hufunguka, na nyumba nzima hunukia. Mimi napenda asumini kuliko waridi, na ndugu zetu wa nchi za baridi watanisamehe.

Sasa tazameni neno la tatu ubaoni: kiluwiluwi. Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo ua zuri huleta homa nyumbani.

Yuko mbu mwenye madoa meupe miguuni, jina lake la kitaalamu Aedes. Huyu huuma mchana. Hataki bwawa wala mto. Hupenda maji machache yaliyotulia karibu na watu. Gilasi ya maua mezani yamtosha. Sahani iliyowekwa chini ya chungu cha ua yamtosha pia. Mbu huyu huchukua homa ya dengue, ambayo wengi huiita kidingapopo. Homa hii si ngeni kwetu. Mwaka 1870 homa iliyoitwa kwa jina kama hilo ilienea Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akikaa huko, aliandika habari zake. Dengue yenyewe ilienea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019.

Sikilizeni vizuri jambo hili, maana wengi hawalijui. Mbu huyu hatagi mayai majini penyewe. Huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji tu, mayai hubaki yameshika. Yaweza kukaa makavu kwa miezi mingi, na siku utakapotia maji mapya yataanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu arukaye ni kama juma moja au siku kumi. Kwa hiyo kubadili maji hakutoshi. Kila juma mwaga maji, kisha sugua chombo ndani kwa kitambaa kigumu au brashi, mpaka juu. Na ile sahani ya chini ya chungu ijaze mchanga. Mchanga huweka unyevu, lakini kiluwiluwi hawezi kuogelea mchangani.

Je, yako maua yanayofukuza mbu? Yako. Kivumbasi, ndugu yake mrehani, amejulikana tangu zamani kwa kazi hiyo. Huko magharibi mwa Kenya wataalamu walijaribu vyungu vya mimea ya namna hiyo. Mbu walipungua, lakini hawakwisha. Kipandeni karibu na mlango, na chandarua msikitupe. Ua la pareto, lilimwalo Mbeya, Iringa na Nakuru, lina nguvu zaidi, maana lina dawa ya kuua wadudu. Lakini lapenda nchi ya juu yenye baridi. Mtu wa Tanga asijisumbue.

Limebaki neno sumu. Kuna mti mdogo wa maua ya waridi au meupe, majani yake marefu membamba, unaopandwa sana kando ya barabara na mbele ya nyumba. Huitwa oleanda. Hauna mahali pasipo na sumu: jani, ua, kijiti, hata moshi wake ukichomwa. Sumu yake huharibu mapigo ya moyo. Yuko pia mnanaha, wenye maua kama tarumbeta na matunda ya miiba. Mbegu zake humfanya mtu aweweseke kama mwenye wazimu, na zaweza kumwua. Wazazi, mtoto wa miaka miwili hupeleka kila kitu kinywani. Palipo na mtoto kama huyo, au mbuzi, oleanda isipandwe. Hakuna uzuri unaostahili hatari hiyo. Na mtoto akila ua msilolijua, msimtapishe. Mfutieni kinywa, mkimbizeni hospitali, na kijiti cha mti ule mchukue pamoja naye ili mganga autambue.

Sasa ni zamu yenu. Mwalimu atazima redio, nanyi mtajibu kwa maandishi maswali matatu. La kwanza: mbu wa madoa meupe huweka mayai wapi? La pili: kwa nini tunatia mchanga katika sahani? La tatu: andika majina ya maua yote yaliyo nyumbani kwako, ambalo hulijui jina, leta jani lake darasani Alhamisi, lakini lifunge katika karatasi na unawe mikono. Kwaherini.