"Atakayepinga Asipate Kitu": Je, Mjane Anyamaze?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kisiwa cha Takawiri)

Mliniuliza swali gumu: mtu akiandika wosia, na mwishoni akaongeza, "Yeyote atakayepinga wosia huu asipate kitu," mjane afanye nini?

Tuchukue mfano. Mzee ana mashua mbili, injini na shamba. Vyote anamwachia ndugu yake. Mke wake anaachiwa nyavu kuukuu na mbuzi 2, halafu yale maneno ya kutisha. Watu wa boma wanamwambia, "Nyamaza, mama. Ukienda korti utakosa hata hao mbuzi." Mama ananyamaza. Mwaka ukiisha, watoto wameacha shule.

Ndugu zangu, tusimame hapo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ni kweli inampa mtu uhuru wa kugawa mali yake kwa wosia. Lakini kifungu cha 26 kinasema kwamba wategemezi wasipoachiwa riziki ya kutosha, korti inaweza kuwatengea sehemu. Kifungu cha 29 kinataja wategemezi hao, wakiwemo mke au wake, na watoto. Watoto si wavulana peke yao. Mwaka 2005, katika kesi ya familia ya Rono ambako hakukuwa na wosia, Mahakama ya Rufani ilikataa mabinti wapunguziwe ardhi eti kwa kuwa wataolewa.

Kwa hiyo vitisho vya wosia haviwezi kuizuia korti kumsikiliza mjane. Yeye hasemi wosia ni wa uongo. Anasema, "Wosia umenisahau mimi na watoto."

Lakini tahadhari! Kupinga kwa hasira, ukidai wosia umeghushiwa na huna ushahidi, ni jambo lingine. Hapo yale maneno yanaweza kukuumiza, na gharama za kesi pia. Muulize wakili kwanza.

Mambo ya kushika:

1. Omba kuuona wosia wenyewe. Wa maandishi uwe na sahihi na mashahidi wasiopungua wawili. Wa mdomo pia unataka mashahidi wawili, na kwa raia wa kawaida hauna nguvu akiishi zaidi ya miezi 3 baada ya kuusema.

2. Wahi. Korti ikitoa hati ya kusimamia mirathi, kwa kawaida huithibitisha baada ya miezi 6. Ikishathibitishwa, ombi la kifungu cha 26 halipokelewi tena. Matanga yasikuchelewesheni.

3. Asiye na ruhusa ya sheria asiguse mali ya marehemu. Kifungu cha 45 kinaweka faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili.

4. Tunza karatasi: cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya chifu. FIDA walioko Kisumu huwasaidia akina mama. Nauli ya kuvuka hadi Mbita, kikundi kinaweza kuchanga.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

- Ni nani kati yetu amenyamaza kwa sababu ya kuogopa?
- Tukiandika wosia, tumewakumbuka wote wanaokula kwa jasho letu?

Na wewe baba unayeandika wosia: ukigawa kwa haki, hutahitaji kumtisha mtu.