Kuijua Njia Yako: Maneno kwa Waalimu na Wakristo Siku ya Jubilei





Katika Jubilei hii twamshukuru Mungu kwa miaka iliyopita. Walakini kijana mmoja ameniuliza habari ya miaka ijayo, akisema, "Mwalimu, nitajuaje kazi ambayo Mungu ameniumbia?" Sikumjibu upesi. Leo nataka kumjibu mbele yenu, kwa maana naona ya kuwa wazee nao huliuliza swali hilo, ila huona haya kulitamka.

Hapo kale, katika nchi ya Hispania, palikuwa na askari mmoja wa ukoo bora, jina lake Ignasi wa Loyola. Mwaka 1521, katika vita vya Pamplona, risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Mfupa ukaunga vibaya. Naye, kwa kupenda urembo, akataka waganga waukate mfupa uliotokeza, ili apate kuvaa viatu vya kiungwana. Alipokuwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, visipatikane. Akapewa kitabu cha maisha ya Bwana Yesu, na kingine cha maisha ya watakatifu.

Basi akawa na mawazo ya namna mbili. Alipowaza sifa za vita, alifurahi. Lakini wazo lilipoondoka, moyo ulibaki mkavu. Alipowaza kuwafuata watakatifu, alifurahi vilevile, na wazo lilipoondoka, furaha ilibaki. Siku nyingi hakuitambua tofauti hiyo, hata siku moja macho yake yakafumbuka. Ndipo yalipoanzia mafundisho yake: usiangalie tu utamu wa wazo linapoingia, angalia na kile linachoacha likiisha kwenda.

Mafundisho hayo aliyaandika katika kitabu cha Mazoezi ya Roho, alichokithibitisha Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Nitataja machache, ambayo hata mtu asiyejua kusoma aweza kuyafanya.

La kwanza: kila usiku kabla ya kulala, kaa kimya robo saa. Mshukuru Mungu kwa mema ya siku, omba nuru, ipitie siku yako tangu asubuhi, saa kwa saa, tubu palipo na kosa, azimia jambo la kesho.

La pili: ukiwa na shauri zito, mfikirie mtu usiyemjua kabisa, aliye katika shauri kama lako. Ungemwambia nini? Neno hilo lishike wewe. Tena jiweke katika saa ya kufa kwako, ujiulize: hapo nitapenda niwe nimechagua nini?

La tatu: katika siku za giza na uchungu, usibadili azimio ulilolifanya ulipokuwa na amani.

Nami nilipata kujaribiwa. Nilikuwa mwalimu kijana nilipoitwa kuwa karani dukani, kwa mshahara uliokuwa mara mbili ya wangu. Usiku nikaupima moyo. Nilipowaza fedha, nilifurahi mpaka taa ilipozimwa. Asubuhi nikaamka kama mtu aliyekula ndotoni. Nilipowaza wale akina mama wazee waliokuja kufundishwa sala chini ya mwembe, furaha ilikuwapo hata asubuhi. Nikamweleza mke wangu. Akaniuliza, "Je, furaha hiyo itanunua chumvi?" Sikuwa na jibu. Tukakaa pamoja tukahesabu faida na hasara, maana hilo nalo ni zoezi aliloliagiza Ignasi. Tukaamua kubaki, tukalima shamba la pili. Miaka mingine chumvi ilipunguka kweli. Kwa hiyo sithubutu kumwambia mwalimu mwenye shida ya kuwa shida yake si kitu.

Wala msidhani kila aliyeacha ualimu amepotea njia. Mwenzangu mmoja alijipima vivyo hivyo, akaenda kuwa seremala. Na madawati ya shule yetu ni kazi ya mikono yake. Yeye aliitwa kwa randa, mimi kwa chaki.

Tena, Ignasi mwenyewe hakuonyeshwa njia yote kwa mara moja. Mwaka 1523 alitaka kukaa Yerusalemu maisha yake yote, akakatazwa, akarudi. Ndipo, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, akaketi pamoja na watoto huko Barcelona kujifunza Kilatini. Na rafiki yake, Fransisko Ksaveri, hakuwa wa kwanza kuchaguliwa kwenda India. Aliyechaguliwa aliugua, naye akatumwa badala yake. Mwaka 1542 chombo chake kilitia nanga Malindi, katika pwani hii yetu ya Afrika ya Mashariki. Ugonjwa wa mtu mwingine ulikuwa mlango wa kazi yake.

Basi kijana wangu, jibu langu ni hili: usiombe kuonyeshwa safari nzima; omba kuijua hatua ya kesho, nawe uipige. Usiku wa leo, ngoma zikiisha kunyamaza nanyi mmerudi nyumbani, msilale mara. Kaeni ile robo saa.

Mungu awabariki nyote. Amina.