Imani ya Mzazi Hupimwaje?

Joto la mtoto tunalipima kwa kipimajoto, uzito kwa mizani ile ya kuning'iniza pale kliniki. Je, imani ya mzazi kuhusu chanjo tunaipima kwa nini?

Kwa maswali. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la kazi hiyo. Mzazi huulizwa: chanjo zina umuhimu gani kwa mwanao? Unaziona salama kiasi gani? Mhudumu anayezitoa unamwamini? Na kituoni unafika kwa urahisi?

Mwaka 2023, UNICEF iliripoti kuwa katika nchi 52 kati ya 55 zilizochunguzwa, imani juu ya umuhimu wa chanjo za watoto ilishuka kipindi cha UVIKO-19.

Lakini tusiharakishe kumlaumu mzazi. Kadi ya chanjo yenye nafasi tupu kwenye surua ya miezi 18 haitaji sababu. Huenda mama ana hofu. Huenda nauli ilimshinda. Wa kwanza anahitaji maelezo ya upole, wa pili huduma ya mkoba ifike kijijini kwake.

Basi mzazi, ukiulizwa, sema la moyoni. Kuuliza si kukataa.